Wakili wa Serikali kuwa jaji

SWALI: Ndugu wahariri, binti yangu ni Wakili wa Serikali, huu mwaka wa sita kazini. Redioni nimesikia habari za mwendesha mashtaka wa Marekani aliyefanywa jaji wa shirikisho. Huku kwetu inawezekana? Na barua ya maombi apeleke wapi, Tabora au Dodoma?
Mzee wa Kasulu, Kigoma

JIBU: Inawezekana mzee wetu, na imeshatokea. Biswalo Mganga alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka mpaka Mei 2021, Rais alipomteua kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Kabla yake Eliezer Feleshi alipita njia hiyohiyo, akafika hadi Jaji Kiongozi, anayeiongoza Mahakama Kuu. Ila sisi hatuna shirikisho: Mahakama Kuu ya Bara ni moja, Tabora na Kigoma ni kanda zake.

Barua aiache. Ibara ya 109 ya Katiba haitaji maombi; Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wamarekani jina hulipeleka Seneti likapigiwe kura, na ajabu ni kwamba Katiba yao haidai hata shahada ya sheria. Mteule akipita, huweza kukaa maisha. Huku jaji wa Mahakama Kuu anastaafu na miaka 60.

Wengi hukosea kwenye miaka 10 ambayo Katiba yetu inaidai kwa jaji. Wanaihesabu tangu siku ya kuvaa joho chuoni. Katiba inataka shahada ya sheria pamoja na sifa za uwakili, ukiwa nazo miaka 10 mfululizo. Mhitimu akikwama Shule ya Sheria kwa Vitendo, inakopatikana sifa ya uwakili, mwaka mmoja wa kurudia mitihani, na hesabu yake inasogea mwaka. Kwa hiyo binti atazame tarehe za vyeti, si barua ya ajira tu. Rais anaweza kutengua sharti la miaka 10. La shahada, hapana. Ndiyo maana askari aliyeendesha mashtaka miaka 20 bila shahada hayumo.

Akishaapa, kazi ipo kwenye majalada. Akipangiwa kanda aliyokuwa akiendesha mashtaka, atakutana na hati zenye sahihi yake mwenyewe. Hapo anajitoa, tena kabla ya shahidi wa kwanza; akishtuka katikati, shauri huenda likaanza upya huku mshtakiwa anasota rumande.

Kadi ya chama cha siasa, kama anayo, airudishe. Kura ataendelea kupiga.