Kipimo cha Lugeon: usichukue wastani kabla ya kusoma hatua zote tano

Mkuu, nimesoma takwimu zako kwa makini. Shimo la utafiti wa msingi wa bwawa, kipande kilichopimwa ni mita 10 hadi 15, maji yametulia mita 9 chini, geji iko mita 1 juu ya ardhi. Ulisukuma maji kwa presha ya geji bari 2, 4, 8, kisha ukarudi 4 na 2. Ukapata Lugeon (kipimo cha jinsi mwamba unavyopitisha maji) 4, 5, 19, 5 na 4, na msimamizi wako anataka uandike wastani, yaani 7.4.

Usiandike. Hiyo 7.4 haipo popote kwenye mwamba wako.

Lugeon 1 ni lita 1 ya maji kwa dakika kwa kila mita ya shimo, kwa presha ya bari 10. Maurice Lugeon, mjiolojia wa Uswisi, alikitangaza kipimo hiki mwaka 1933 kwa ajili ya misingi ya mabwawa. Tunapanda na kushuka hatua tano, kwa kawaida dakika 10 kila moja, ili kuona nyufa zinavyofanya presha inapobadilika. Kama jibu lingekuwa wastani tu, hatua moja ingetosha.

Sasa angalia zako. Zimeruka kwenye presha ya juu, kisha zikarudi zilikotoka. Huo ni mwamba uliofunguliwa na presha yako mwenyewe, halafu ukajifunga. Piga hesabu: mwamba wa tani 2.6 kwa mita ya ujazo unakandamiza takriban bari 0.26 kwa kila mita. Juu ya pakeri yako (kizibo kinachovimbishwa kufunga kipande kinachopimwa) kuna mita 10, kwa hiyo uzito ni kama bari 2.6. Wewe ukaweka 8! Nyufa za kulala zilinyanyuliwa.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi hulipita. Geji haisomi presha iliyoko chini. Kutoka kwenye geji hadi usawa wa maji ni mita 10, na safu hiyo ya maji inaongeza bari 1. Kwa hiyo presha zako halisi ni 3, 5 na 9, ukiacha msuguano ndani ya bomba, ambao kwa kina hiki ni mdogo (kwenye mashimo marefu na bomba jembamba lazima uupime na kuutoa). Ukirudia hesabu unapata takriban Lugeon 2.7, 4 na 17. Ona hatua ya chini ilivyoshuka kutoka 4 hadi 2.7. Presha ikiwa ndogo, kusahau safu ya maji kunaharibu jibu kabisa.

Ningeandika takriban 3, na kueleza wazi kwamba presha ya juu ilifungua nyufa. Kati ya 3 na 7.4 kuna uamuzi wa kuchoronga mashimo ya grauti (uji wa saruji unaosukumwa kuziba nyufa) au kutochoronga, na hizo ni pesa nyingi.

Kwa mienendo mingine ya namba utakayokutana nayo: hatua zote zikikaribiana, hapo wastani ni halali. Lugeon ikiwa ndogo zaidi kwenye presha ya juu, maji yanavurugika ndani ya nyufa pana. Chukua hiyo ya presha ya juu. Lugeon ikipanda moja kwa moja hadi hatua ya mwisho, udongo uliojaza nyufa unasombwa, na hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likijazwa kwa mara ya kwanza, likaua watu 11. Maji yalipita kwenye nyufa za mwamba na kuumomonyoa udongo wa kiini cha bwawa. Lugeon ikishuka moja kwa moja, nyufa zinajaa au zinazibwa. Chukua ya mwisho, lakini kwanza hakikisha maji yako ni safi. Nimeona maji ya mto yenye tope yakiziba nyufa na kuufanya mwamba mbovu uonekane mzuri.

Rudia kipimo. Safisha shimo mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kagua sampuli choronge (vipande vya mwamba vilivyotolewa shimoni) uchague mahali pazima pa kuvimbishia pakeri, kisha mweke mtu mdomoni mwa shimo: maji yakipanda nje ya bomba wakati unasukuma, pakeri inavuja na namba zote ni za kutupa. Usawa wa maji upime asubuhi kabla mtambo haujawashwa. Tumia presha ya geji 0.5, 1, 1.5, 1 na 0.5, ili chini usizidi bari 2.5. Geji ya bari 25 haiwezi kusoma nusu bari, kwa hiyo dai ndogo, ya bari 4 hivi, hata wachorongaji wakinuna.

Ukimaliza weka hapa lita za kila dakika, sio Lugeon peke yake, pamoja na picha za choronge za mita 9 hadi 15. Nyufa zikiwa na kutu au udongo mwekundu, tutajua maji yalishawahi kupita humo.