Usitaje Jina la Mlima Kabla ya Kutazama Miguu Yake

Jumapili iliyopita, katika mgahawa wa chai tunapokutana sisi waongozaji wa Moshi wakati wa masika, wageni wanapokuwa wachache na magoti yakapata kupumzika, niliisoma picha ambayo wenzangu wote waliokuwa mezani walishindwa kuisoma. Mchezo wetu ni huu: mmoja huleta picha ya mlima kwenye simu yake, huficha jina na tarehe, na wengine husema ilipigwa wapi na mpigaji alikuwa amesimama upande gani.

Picha ya siku hiyo ilionyesha bahari ya mawingu, juu yake kivuli kikubwa chenye umbo la pembetatu, na ncha ya kivuli hicho ilikuwa imekaribia kugusa kilele kimoja cheusi kilichochomoza mbali. Kwamba ule ulikuwa Mlima Meru ukitazamwa alfajiri kutoka Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hakuna aliyebisha. Mwenye picha akauliza ni mwezi gani. Mmoja akataja Desemba, mwingine Januari, mwingine Septemba. Mimi nikasema Juni, au kama si Juni basi siku za mwanzo za Julai, na nikaeleza sababu: mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini ya mashariki, hivyo kivuli cha Kibo hulala kusini kidogo ya magharibi, ambako ndiko Meru iliko. Desemba kivuli hichohicho huelekea kaskazini ya magharibi na kuiacha Meru mbali upande wa kushoto. Mwenye picha akafungua tarehe, ikasomeka 24 Juni.

Nilifurahi sana, wala sioni sababu ya kuificha furaha hiyo, kwa kuwa ninajua nilikotoka.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika kampuni moja ya kupandisha wageni. Siku moja niliitwa ofisini nikaonyeshwa picha ya vilele viwili vya mawe, vikali kama meno, ukungu umevizunguka na senesio wakubwa, mimea ya milimani yenye shina nene kama mti, wamesimama chini yake. Walitaka kuiweka kwenye kipeperushi cha msimu, nao wakaniuliza kama ni Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Sikuitazama hata kwa dakika moja. Nilikuwa nimeshapita Mawenzi mara nisizoweza kuzihesabu, nikajibu kwa sauti ya mtu asiyeulizwa mara mbili kwamba ndiyo, ni Mawenzi, tena imepigwa karibu na kambi ya Mawenzi Tarn. Kipeperushi kikachapwa.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni kutoka Nairobi, mama mmoja wa makamo aliyepanda milima tangu usichana wake. Alikitazama kipeperushi kwenye kaunta, akaniita pembeni kwa heshima kubwa, akasema: "Kaka, samahani, hii si Mawenzi. Hapa ni bonde la Teleki, Mlima Kenya. Huyu kushoto ni Batian, huyu kulia ni Nelion." Kisha akaweka ukucha wake kwenye kona ya chini ya picha, mahali ambapo mimi sikuwa nimepeleka jicho hata mara moja. Palikuwa na kitu kama mkia mrefu wa mnyama uliosimamishwa ardhini, wenye manyoya ya kijivu yaliyoning'inia na matone ya umande juu yake. "Mmea huu," akasema, "Kilimanjaro haupo."

Alikuwa sahihi kabisa. Ile ilikuwa lobelia ya Teleki, ambayo huota Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Lobelia yetu ya Kilimanjaro haina manyoya yale. Ningeitazama kona ile kwa pumzi mbili tu, nisingesema nilichosema. Vipeperushi vilitupwa, na msimu ule jina langu halikupangwa kwenye safari hata moja. Sikulalamikia kuchapwa upya, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba katika ofisi ile hakuna aliyeniita aniambie uso kwa uso. Niliipata habari kutoka kwa wagumu, yaani wapagazi wetu, ambao ni vijana niliowafundisha mwenyewe kufunga mizigo.

Ushauri wangu kwenu mnaopenda mchezo huu, na hasa mnaotaka kuwa waongozaji, ni kwamba kilele kitazamwe mwisho. Kilele hudanganya. Ukungu ukikifunika nusu, Mawenzi yenye mita 5,149 na Batian yenye mita 5,199 zinaweza kumchanganya mtu mwenye haraka, kwa sababu yote miwili ni mabaki ya volkano za kale zilizoliwa na mmomonyoko hadi yakabaki mawe yaliyochongoka. Anzeni chini. Tazameni mimea, maana mimea haihami kutoka mlima mmoja kwenda mwingine kwa ajili ya picha.

Halafu tazameni upande. Aliyesimama Moshi anaiona Mawenzi kulia kwa Kibo, na aliyesimama Amboseli, upande wa Kenya, anaiona kushoto. Lakini kabla hujaamua, hakikisha picha haijageuzwa, kwa kuwa simu nyingi hugeuza picha za kujipiga kama kioo. Soma maandishi ya kwenye koti au begi, na yakisomeka kinyumenyume, basi kulia ni kushoto. Kisha tazameni kivuli, kama nilivyofanya Jumapili. Na mkimaliza kivuli, rudini tena chini kwenye mimea.

Wengine wataniambia kwamba huu ni mchezo wa mezani tu. Mwaka 1906 Mmarekani aitwaye Frederick Cook alitangaza kwamba amefika kilele cha mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, ule ambao wenyeji wa Alaska huuita Denali, wenye mita 6,190, na ushahidi wake ulikuwa picha ya mwenzake akiwa ameshika bendera juu ya jiwe. Mwaka 1910 wapandaji Belmore Browne na Herschel Parker walikwenda na picha ile mkononi, wakalinganisha jabali kwa jabali, hadi wakalipata jiwe lenyewe kwenye kilima kidogo kilicho karibu kilomita 30 kutoka kilele halisi. Hawakuhitaji kufika kileleni ili kulijua hilo. Walihitaji subira ya kutazama yaliyo pembeni ya bendera, na subira hiyo ndiyo ninayowaomba ninyi muwe nayo. Mgeni analipa fedha nyingi, anauacha uhai wake mikononi mwako, naye anaamini kwamba ukisema "lile ni Meru" ni Meru kweli. Ukimjibu kwa kukisia leo kuhusu picha, kesho utamjibu kwa kukisia kuhusu njia, ukungu ukiwa umeshuka na giza linakaribia. Mwongozaji asiyejua aseme "ngoja nitazame". Mimi sikulisema neno hilo siku niliyopaswa kulisema.

Nayaandika haya kwa sababu usiku wa Jumapili hiyohiyo mgumu mmoja kijana wa Machame alinitumia picha mbili na kuniomba nimfundishe. Mdogo wangu, jibu lako ni hili. Ya kwanza imepigwa upande wa Kenya: Mawenzi iko kushoto, na maandishi ya kwenye kofia ya yule jamaa yanasomeka sawasawa, kwa hiyo haijageuzwa. Ya pili ni kilele kitupu chenye theluji, na mtu ameikata chini, hakuna jani, hakuna kivuli, hakuna hata jiwe la kusimamia. Mwombe aliyekupa akutumie ile nzima, nawe unitumie, kabla sijasema neno lolote.