Maswali yenu: wanawake wanaoibeba bluzi ya leo

Nilipoandika kwamba albamu mpya za bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, zinazoongozwa na wanawake zinastahili kusikilizwa hapa Lubumbashi, maswali yalifuata. Haya ndiyo majibu.

Mimi ni mama wa Katuba, nimezoea rumba na nyimbo za kanisa. Nianze na albamu gani?

Mama, anza na "Blame It on Eve" ya Shemekia Copeland, iliyotoka mwaka 2024. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1979, binti wa mpiga gitaa Johnny Copeland, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1998, akiwa bado kijana mdogo. Leo sauti imekomaa: nzito chini, na akipanda juu haichaniki. Lakini ninachokisifu zaidi ni jinsi anavyojizuia. Uwezo wa kuitikisa nyumba anao, ila beti nyingi anaziimba kama anayezungumza na jirani kwenye uzio, kisha neno moja tu analitoa kwa nguvu zote, na hilo ndilo linalobaki kifuani mwako. Waimbaji wetu wengi huanza juu tangu mstari wa kwanza, na wimbo ukifika katikati hawana tena pa kupandia. Humo kuna wimbo wenye jina la Kifaransa, "Belle Sorcière", na mwishoni kabisa anaimba "Down on Bended Knee", wimbo wa marehemu baba yake. Usiuruke.

Baada ya hapo tafuta "Mileage" ya Ruthie Foster, nayo ya 2024. Yeye ni mtu wa Gause, mji mdogo wa Texas, amelelewa na nyimbo za kanisa, na aliwahi kutumikia jeshi la majini la Marekani. Februari 2025 albamu hiyo ilimpa tuzo ya Grammy ya bluzi ya kisasa, Copeland akiwa miongoni mwa walioshindana naye. Kwa masikio yaliyozoea kanisa, huenda Foster akaingia kwa urahisi zaidi.

Na kama unapenda sauti za ndugu wa tumbo moja, chukua "Family" ya Southern Avenue wa Memphis, ya mwaka 2025. Tierinii Jackson anaongoza, dada yake Tikyra anapiga ngoma, Ava naye anaimba na kupiga fidla.

Kijana wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Kwa nini waimbaji wa bluzi wanarudia mstari uleule? Mimi naona wanachosha.

Ndugu yangu, sikiliza kilicho chini ya maneno. Ubeti wa kawaida wa bluzi una vipimo 12 vya mapigo manne manne, na mistari mitatu. Nimekutungia mmoja wa kwetu:

Umeme umekatika, pasi imepoa mkononi,
Nasema umeme umekatika, pasi imepoa mkononi,
Na harusi ni saa nane, kitenge kimejaa mikunjo mwilini.

Kila mstari una vipimo vinne, lakini mwimbaji hutumia viwili hivi. Vinavyobaki ni vya gitaa, linamjibu. Ukipiga kwa ufunguo wa La, gitaa katika mstari wa kwanza linakaa kwenye kodi ya La. Wa pili unahamia Re, kisha unarudi La. Wa tatu unapita Mi, halafu Re, na kushuka La. Kwa hiyo maneno yanaporudiwa, gitaa limeshahama, na mwimbaji mzuri hayaimbi vilevile. Mara ya kwanza anakupa habari, ya pili anakulalamikia, ya tatu anakufungulia kilichomsumbua. Jaribu mwenyewe ubeti huu kwa sauti ya chini, kisha useme kama bado unachosha.

Ninaimba korali Kampemba. Wakubwa wetu wanasema bluzi ni ya shetani. Nifanyeje?

Dada, wasimulie habari za Thomas Dorsey. Huyu alikuwa mtoto wa mhubiri. Miaka ya 1920 alipiga piano nyuma ya Ma Rainey, yule waliyemwita mama wa bluzi. Mwaka 1932 mke wake Nettie alifariki akijifungua, na mtoto akafuata. Katika msiba huo Dorsey aliandika "Take My Hand, Precious Lord", wimbo ambao makanisa mengi duniani yanauimba mpaka leo. Mkono uliompigia Ma Rainey ndio ulioandika sala hiyo.

Lakini usiwafiche kitu: zipo nyimbo za bluzi za ulevi na za mapenzi ya wazi kabisa. Chagua zinazokufaa, uwaheshimu wakubwa, na usiache kujifunza namna wale wanawake wanavyopumua kabla ya mstari mrefu. Hilo litakusaidia Jumapili pia.

Mega za intaneti zinaisha haraka. Albamu nzima inakula kiasi gani?

Sauti peke yake, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, inakula karibu mega moja kwa dakika. Albamu ya dakika 45 ni mega 45 hivi. Video inakula mara kadhaa zaidi. Pakua mara moja, usikilize bila intaneti.

Baba mmoja wa Kamalondo: Hii bluzi inatuhusu nini sisi wenye Mwenda Jean Bosco?

Baba, inatuhusu sana. "Masanga", wimbo wa mpiga gitaa wetu Mwenda, ulirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembeza wimbo, gitaa moja linasikika kama mawili. Wazee wa bluzi ya Mississippi nao walikabidhi besi kwa kidole gumba. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwenzake, ila ukiwaweka pamoja utawasikia wakielewana. Johnny Copeland, baba yake Shemekia, miaka ya 1980 alifunga safari hadi Abidjan akarekodi albamu na wanamuziki wa huko.

Kinachoniuma ni kwamba gitaa la mtindo wa Mwenda bado lina wapigaji hapa, na korali zetu zimejaa wanawake wenye sauti nzito, lakini ni nadra kuwasikia pamoja. Mwenye studio Lubumbashi anayesoma hapa, waite siku moja: mpiga gitaa mmoja, mama mmoja wa korali, na maikrofoni mbili.