Pampasi hazimtoshi tena

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mwanangu wa miaka 7 alizaliwa na mgongo wazi, mkojo humtoka bila kujua. Pampasi za watoto zambana, za watu wazima zampwaya. Pesa ya kuuza samaki yaishia humo. Shuleni wasema nisimpeleke hadi awe mkavu. Nifanyeje?
Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usimnyime maji ili abaki mkavu. Najua wengi mwafanya hivyo, na joto hili la Mombasa! Mkojo mzito na choo kigumu huleta maambukizi, na kwa mtoto huyu figo ndizo za kuchungwa.

Pampasi peke yake haitoshi. Hospitalini omba wakufundishe kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa chache mchana. Akikua atajifanyia mwenyewe. Sisitiza mpira usiwe wa lateksi, ile ya utomvu wa mti, maana watoto wa mgongo wazi hupata mzio wake kwa urahisi. Choo nacho, mkalishe msalani kila baada ya chakula.

Msajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huanza na kupimwa na daktari hospitalini. Ukiwa kwenye Baraza, ulizia fedha za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza.

Hao wa shule waonyeshe kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kusoma. Usiwaombe, waambie!

Kwa sasa kunja kanga kuukuu, uivalishe chupi ya nailoni juu. Hufuliwa, hukauka upesi.