Jibu: Karatasi za mtoto wa mbwa "zitakuja baadaye"
Mkuu, kama mfugaji anasema wazazi wamesajiliwa ila karatasi za mtoto (cheti cha usajili na nasaba, yaani ukoo wake) zitafuata, usimalizie malipo. Omba namba za usajili za baba na mama, uzihakiki mwenyewe kwenye chama cha mbwa kilichowasajili. Mzazi mmoja asiposajiliwa, kwa kawaida watoto hawaandikishwi. Mfugaji ndiye husajili uzao mzima, wewe unahamishiwa umiliki kwa fomu yenye sahihi yake. Mtoto akiwa na chipu (kifaa kidogo cha utambulisho chini ya ngozi), apitishiwe skana: tarakimu zote 15 zilingane na za kwenye karatasi. Soma pia kwenye karatasi kama kuna sharti la kutomzalisha mbwa huyo. Na cheti cha nasaba hakithibitishi afya, hata kikipambwa vipi! Vipimo vya nyonga na macho vya wazazi ni karatasi nyingine, zidai.