"Umebadilika" au "umebadilishwa"? Nuru kongwe na miisho ya vitenzi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ninawaandalia wanafunzi wa klabu ya sayansi makala ya Kiswahili kuhusu mnururisho wa usuli wa maikrowevu, yaani nuru kongwe iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nimeandika: "Mnururisho huu umebadilika kwa hila na galaksi zilizo njiani." Mwenzangu anasema niandike "umebadilishwa." Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Kisarufi amepatia mwenzako, ila neno lake halitakufaa kila mahali, kwa sababu galaksi huiathiri nuru hiyo kwa njia zaidi ya moja, na kila njia inadai kitenzi chake.

"Badilika" kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo hueleza hali iliyokipata kitu bila kumtaja aliyekifikisha hapo. Ndiyo maana husema "kikombe kimevunjika" ukiwa hutaki, au huwezi, kumtaja aliyekiangusha; ukishamtaja, huna budi kusema "kimevunjwa na mtoto." Kutendeka kukihitaji kutaja sababu hutumia "kwa" au "kutokana na", kama tunavyosema mlango umefunguka kwa upepo. Tena "badilika na" ina kazi yake nyingine kabisa: muuza nyanya anayesema bei hubadilika na msimu anamaanisha kwamba viwili hivyo huenda pamoja. Sentensi yako, basi, inaweza kusomwa kwamba mnururisho na galaksi vimebadilika sambamba, jambo ambalo hukulikusudia.

Sasa tuitazame nuru yenyewe. Ilianza safari ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, na imekuwa njiani kwa takriban miaka bilioni 13.8. Leo halijoto yake ni kelvini 2.725, na tofauti kati ya doa moja la anga na jingine ni kama sehemu 1 katika 100,000. Njiani hupita kando ya vishada vya galaksi, ambavyo masi yake huivuta nuru ikaacha mstari ulionyoka. Hapa mtenda yupo na anajulikana, kwa hiyo andika "hupindishwa na masi ya vishada vya galaksi." Usiandike "hupinda" peke yake, kwani kitenzi hicho hubeba pande zote mbili: fundi hupinda nondo, na nondo nayo, ikilemewa, hupinda. Kupindishwa huku ni kudogo, kwa wastani chini ya moja ya kumi ya upana wa Mwezi tunavyouona, lakini chombo cha Planck, kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, kiliupima upindaji huo katika anga karibu yote.

Hata hivyo, "umebadilishwa" hakutoshi hapa. Tia sarafu kwenye beseni la maji, kisha uyatikise: sarafu itaonekana ikisogea huku na huku, lakini rangi yake ni ileile. Ndivyo yalivyo madoa ya mnururisho huu yanapopindishiwa njia. Mahali pake hapo angani huhama, ilhali halijoto ya kila doa hubaki kama ilivyokuwa. Neno stahiki ni "kuhamishwa."

Njia ya pili, iliyoelezwa na Rainer Sachs na Arthur Wolfe mwaka 1967, ndiyo inayonipendeza kama mtu wa sarufi. Fotoni, yaani chembe ya nuru, inapoingia penye mkusanyiko mkubwa wa galaksi hupata nishati, mithili ya baiskeli inayoteremka bondeni, na inapotoka huilipa nishati hiyo katika kupanda. Bonde hilo, yaani mvuto wa mkusanyiko, likibaki vilevile, hesabu hufutana na fotoni hutoka kama ilivyoingia. Lakini mkusanyiko huo ni mkubwa mno hivi kwamba kuuvuka huchukua mamilioni ya miaka, na katika muda huo nishati ya giza, ambayo asili yake bado haijulikani, huharakisha kutanuka kwa ulimwengu, bonde likapungua kina fotoni ikiwa bado ndani. Mlima wa kupanda unakuwa mfupi kuliko mteremko ulioshukwa, na fotoni inatoka na ziada. Ukiandika "imeongezewa nishati na galaksi," utakuwa umemtaja mtenda asiye sahihi, kwa kuwa galaksi zingekuwapo vilevile na ziada isipatikane kama bonde lisingebadilika. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, kutendeka kwako kunashinda: "nishati ya fotoni imeongezeka kutokana na kupungua kwa kina cha bonde."

Kuhusu gesi ya moto iliyomo ndani ya vishada, hakuna utata: elektroni zake hugongana na fotoni chache na kuziongezea nishati, kwa hiyo "zimeongezewa nishati na elektroni" ni sawa.

Limebaki neno "hila," ambalo nadhani limekuponyoka kutoka kwenye kamusi. Hila ni ujanja wa mwenye nia. Sungura wa hadithi ana hila, galaksi haina. Kauli ya kutendwa haimdai mtenda awe na nia, lakini "kwa hila" inamdai. Andika "kwa kiasi kidogo mno," au "kidogo, kiasi cha kuhitaji vipimo makini."

Sentensi yako naiona hivi: "Njia ya mnururisho huu imepindishwa kidogo mno na masi ya galaksi, na nishati yake imeongezeka au kupungua kutokana na mabadiliko ya mikusanyiko mikubwa uliyoivuka." Ni ndefu kuliko yako, lakini wanafunzi wataweza kuichorea mchoro.