Kaniacha kwa WhatsApp, je, nimeachika?

*Shangazi, shikamoo. Tulifunga ndoa Tanga, tukaja Texas kwa bahati nasibu ya green card, mshindi akiwa mume wangu. Tukanunua nyumba Dallas. Hatuna watoto. Nimemkimbia, sasa nina miezi miwili Houston kwa dada yangu. Juzi kanitumia talaka tatu kwa WhatsApp. Anasema nyumba ni yake kwa kuwa hati ina jina lake, na nikimshtaki atanifutia green card nirudishwe Tanga. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Habari ya talaka tatu na eda kamuulize sheikh unayemwamini, hapo simwingilii. Ila serikali ya Texas haiitambui meseji hiyo. Kwao wewe ni mke wa mtu mpaka jaji atie saini hukumu.

Wala huna haja ya kurudi Tanga kuivunja ndoa. Texas inataka mmoja wenu awe ameishi jimboni miezi 6, na siku 90 katika kaunti inakofunguliwa kesi. Houston siku zako hazijatimia. Unaweza kufungua leo Dallas anakoishi yeye, au ungoje hizo wiki chache ufungue karibu na dada yako. Mimi ningengoja. Si lazima umfumanie na mtu. Inatosha kueleza kwamba hamwezi tena kuishi pamoja. Ukishafungua, kwa kawaida zinapita siku 60 kabla jaji hajaivunja ndoa.

Kuhusu nyumba, huyo bwana anakutisha tu. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa Texas huhesabiwa ya wote wawili hadi mtu athibitishe vinginevyo, hata hati ikiwa na jina moja. Jaji ataigawa kwa anavyoona ni haki, na si lazima iwe nusu kwa nusu. Nyumba mliyoishi kama familia hawezi kuiuza bila saini yako. Na green card uliipewa na serikali. Mume hana mamlaka ya kuifuta, na kuachika peke yake hakuiondoi.

Piga simu Lone Star Legal Aid, wanasaidia bure wasio na uwezo huko Houston; omba mkalimani wa Kiswahili. Fomu ziko TexasLawHelp.org bila malipo, pamoja na ile ya kuomba usilipe ada ya mahakama. Jihadhari na wale ndugu wa jumuiya wanaojaza watu makaratasi kwa pesa. Notary wa Marekani si wakili, ni mtu wa kushuhudia saini.

Hukuniambia kilichokukimbiza Dallas. Kama ni kipigo, piga 1-800-799-7233, simu ya msaada kwa wanaonyanyaswa na wenzi wao, usiku au mchana, na mweleze wakili mapema, kwa sababu zile siku 60 zinaweza kuondolewa. Anwani ya dada yako usiiandike kwenye karatasi yoyote ya mahakama kabla hujaongea na wakili.